Kivuli cha mwembe hakina safu kwenye fomu

Yule kijana wa tathmini ya fidia alikuwa mpole, sina neno naye. Alivaa kizibao cha rangi ya chungwa, kashika fomu yake, anahesabu mali za baba mdogo mti kwa mti. Michungwa minne. Choo cha shimo, kimoja. Nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba viwili na sebule. Baba mdogo alimfuata nyuma kimya mpaka wakafika kwenye mwembe mkubwa ulio mbele ya nyumba, ule ambao vikao vyote vya ukoo vimefanyika chini yake tangu sijazaliwa. Kijana akaandika: mwembe, unazaa, mmoja. Mzee akamuuliza, "Mwanangu, na kivuli mnakiandika safu ipi?"

Kijana alicheka akidhani ni utani. Mzee hakucheka.

Wiki ile ile alama ya X nyekundu ikapigwa ukutani, mwembe nao ukapigwa ya kwake, akaambiwa asiendeleze chochote maana njia ya umeme wa msongo mkubwa itapita hapo. Ambaye hajawahi kupewa agizo hilo huona ni jambo dogo. Kutoendeleza maana yake bati likitoboka unaliacha, ukuta ukipata ufa unautazama, na mgomba ukifa hupandi mwingine. Fidia ilikuja baada ya misimu mitatu ya kilimo, na kwa bei za siku ile ya tathmini. Katika misimu hiyo mitatu baba mdogo, ambaye maishani mwake hajawahi kupinga hata mchango wa mwenge, akageuka kuwa "mwananchi anayekwamisha mradi".

Nimemkumbuka kwa sababu mjini siku hizi gumzo ni umeme. Bajaji za betri zinapita bila kelele mpaka zinatushtua. Treni ya SGR inatutoa Dar es Salaam hadi Dodoma kwa umeme tangu 2024. Ethiopia mwaka huo huo imepiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Mimi ni shabiki wa haya yote, na siku nikipata hela ya gari nitanunua la kuchaji. Ila kila tunapolisifu gari tunasahau waya, na waya una mahali unapopita, na mahali hapo pana mwenyewe.

Mtambo wa gesi unaweza kuujenga Kinyerezi au Ubungo, hatua chache kutoka kwa mtumiaji, kwa sababu gesi inasafirishwa kwa bomba. Upepo hausafirishwi. Maporomoko ya Rufiji hayahamishiki kwenda Mbagala. Kwa hiyo kadiri tunavyoacha mafuta ndivyo tunavyohitaji nyaya nyingi na ndefu zaidi, na ndivyo tunavyokutana na akina baba mdogo wengi zaidi. Hilo halikwepeki. Kinachoweza kubadilika ni namna tunavyobisha hodi.

Waulizeni Wakenya. Kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kando ya Ziwa Turkana, panavuma upepo usiochoka. Wakasimamisha mitambo ya upepo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Mwanzoni mwa 2017 mapanga yote yalikuwa tayari. Umeme haukutoka. Njia ya kuupeleka kituo cha Suswa kilichoko Bonde la Ufa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijaisha. Mkandarasi kutoka Hispania alifilisika, hiyo ni sababu moja. Sababu nyingine ni ardhi: wenye mashamba njiani walikuwa bado wanavutana na serikali juu ya nani analipwa, shilingi ngapi, na lini. Mkuza wa njia kama hiyo, yaani ukanda wa ardhi unaotengwa kwa ajili ya nyaya, una upana wa mita 60. Utandaze mkeka wa mita 60 kutoka jangwani mpaka Bonde la Ufa, kisha hesabu umekatiza boma ngapi, mashamba mangapi ya viazi, malisho mangapi ya watu ambao hati hawana lakini makaburi ya babu zao wanayajua.

Mitambo ilikaa zaidi ya mwaka mzima inausikiliza upepo, mpaka njia ilipokamilika Septemba 2018. Na kusubiri huko hakukuwa bure. Mkataba ulisema kampuni ikiwa tayari kuzalisha na njia haipo, serikali italipia umeme ambao ungezalishwa. Wakenya wakabebeshwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata taa ya choo. Hapo ndipo wanaposhindwa kunielewa wale wanaosema kuwalipa wanavijiji vizuri ni gharama. Kutowalipa kwa wakati nako kuna ankara yake, tena hiyo haina wa kubishana naye bei.

Na wale wa Loiyangalani wenyewe? Umeme ulipoanza kwenda Suswa, vijiji vingi vilivyo jirani na mitambo vilibaki na vibatari na taa zao za sola. Kesi ya ardhi ikafika mahakamani, na mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi kule Meru ikasema hati za ekari 150,000 za mradi zilitolewa bila kufuata utaratibu. Kinangop, huko huko Kenya, hali ilikuwa mbaya zaidi. Mradi wa upepo wa megawati 60.8 uligomewa na wakulima mpaka ukazikwa rasmi 2016, kabla hata panga moja halijazunguka.

Kuna watakaosema huu ni ushamba wetu Waafrika. Basi wauangalie mradi wa Wajerumani uitwao SuedLink, njia ya takriban kilomita 700 ya kushusha umeme wa upepo kutoka kaskazini mpaka kusini kwenye viwanda. Wananchi wa huko, wenye magari ya umeme uani, walizikataa nguzo kwa nguvu zote, na mwaka 2015 sheria ikabadilishwa ili nyaya zifukiwe ardhini. Gharama ikapaa. Njia iliyokuwa iwashwe 2022 sasa inatajwa 2028. Mjerumani ana mwanasheria na bango, baba mdogo ana swali la kivuli. Sioni tofauti nyingine kubwa.

Sasa nisije nikaonekana nawapaka watu wa vijijini marashi. Nimeona kwa macho yangu. Tetesi za njia zikishatoka, miche ya miembe inapandwa usiku kwa tochi, imebanana kama mchicha. Kibanda kisicho na mlango kinajengwa siku mbili na kinapewa jina la "nyumba ya mgeni". Na wa mjini wanawahi kununua viwanja kwenye mkuza, wakitegemea kuuza tena kwa mradi. Hao wapo, na wanawaharibia wenye haki, kwa sababu mthamini akishadanganywa mara tatu, wa nne anamtazama kwa jicho la pembe hata akiwa mkweli. Dawa yao ni tathmini ya haraka na malipo ya haraka. Ulaghai huo hustawi kwenye kusubiri.

Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 haikukosea. Inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Kanuni zake zinataja mpaka posho ya usumbufu na usafiri, na riba malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6. Tatizo ni kwamba katika mpangilio wa mradi fidia hukaa mkiani. Fedha za mitambo zipo, za mkandarasi zipo, za sherehe ya jiwe la msingi zipo, za mwenye mwembe "zinashughulikiwa".

Sisi wananchi nasi tunapenda bwawa kuliko waya. Machi 2025 Rais Samia alipokuwa Kilimanjaro akaeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, mitandao ikawaka moto. Tuna Bwawa la Nyerere, mashine 9, megawati 2,115, tununue wa nini? Jibu lilikuwa kwenye nyaya. Serikali ilisema umeme unaosafiri mpaka kaskazini hupotea njiani kiasi cha shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Unaweza kuukataa mpango ule kwa sababu zako, na mimi ninazo zangu, lakini kuuliza "bwawa lipo" bila kuuliza "njia iko wapi" ni kuhesabu mbuzi bila kamba. Katika mjadala ule wote sikumsikia hata mmoja akiuliza njia mpya ya kaskazini itapita kwa nani.

Ningekuwa na sauti, kabla rangi nyekundu haijagusa ukuta wa mtu, hela yake ingekuwa benki. Halafu kijiji kinachopitiwa kingepata umeme ndani ya mradi huo huo, sio "awamu ijayo". Najua mafundi watasema nini, na wana haki: waya wa kilovolti 400 hauchovyi kama unavyochovya mkate kwenye chai, unahitaji kituo kikubwa cha kupoozea, na huwezi kujenga kituo hicho kwa ajili ya kaya 80. Kweli. Lakini laini ya kilovolti 33 kutoka mji wa karibu, nguzo za miti na transfoma moja, ukilinganisha na gharama ya minara ya chuma inayoruka vichwani mwao, ni kama bei ya chumvi kwenye pilau. Mtu akiwa na taa yake nyumbani, mnara wa nyuma ya shamba anauona kama jirani. Akiwa gizani anauona kama mwizi aliyesimama wima mchana kweupe.

Baba mdogo alijenga upya mita 200 kutoka kwenye mnara. Mwembe ulikatwa, kisiki chake ndicho anachokalia asubuhi, na jua likipanda anaingia ndani. Mvua ikinyesha nyaya zinavuma mpaka sebuleni. Anatumia sola.

Mwaka jana mwanawe alinunua pikipiki ya umeme. Kila jioni anaiacha ichaji kwa mshikaji wake senta, kilomita 6, analipia, kisha alfajiri anaifuata kwa miguu. Akirudi nayo na kufika chini ya zile nyaya, hupiga honi mara mbili. Nilimuuliza kwa nini.

"Nazisalimia, kaka. Zinapita kwetu kila siku, haziingii ndani."