Kromosomu na basi la Dar

Mkulima wa chai wa Rungwe analalamika ubavu wa kushoto, bandama limevimba, nguo zimeanza kumpwaya. Anapopimwa Mbeya mjini, seli nyeupe zimepanda kupita kiasi. Daktari anashuku saratani sugu ya damu, CML, lakini uthibitisho umo kwenye kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli: namba 9 na namba 22 zimebadilishana vipande. Peter Nowell na David Hungerford waliiona hitilafu hiyo Philadelphia mwaka 1960, na mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba ni kubadilishana. Tangu 2001 ina kidonge chake, imatinibu.

Je, Nyanda za Juu Kusini zijenge maabara ya kusoma kromosomu, au sampuli ziendelee kupanda basi zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar?

Wanaotaka maabara hawakosei. Usomaji huo unadai seli hai zinazogawanyika, na uboho uliokawia njiani huharibika. Tena lukemia, yaani saratani za damu, haziko sawa: mtoto ambaye kromosomu 12 na 21 zimebadilishana vipande ana matumaini mazuri, ilhali aliyepoteza namba 7 nzima yuko pabaya.

Ila huyo wa namba 7 huhitaji kupandikizwa uboho. Ukimpa jibu bila tiba, umempa nini? Na mtaalamu wa kusoma kromosomu hufundishwa miaka, kisha asubiri wagonjwa wachache.

Naelemea kwa wanaotaka sampuli ziendelee kwenda Dar, isipokuwa kwa CML. GeneXpert, mashine ileile ya kifua kikuu, ikiwekewa katriji yake hupima BCR-ABL, jeni inayozaliwa na kubadilishana huko kwa namba 9 na 22, kwenye damu ya kawaida kwa saa chache. (Katriji hiyo haikamati kila umbo la jeni hiyo, hasa kwenye lukemia kali.) Mkulima wetu hahitaji zaidi ya hapo kuanza kidonge.

Kinachonisumbua ni APL, lukemia kali ambayo kromosomu 15 na 17 zimebadilishana vipande. Hutibika vizuri kuliko lukemia kali nyingi, lakini mgonjwa anaweza kuvuja damu akafa ndani ya siku chache. Hapa maabara ingeonekana imeshinda, kumbe hata majibu yake huchukua siku. Anayeokoa ni mtu wa darubini anayezijua seli zenye vijiti vilivyorundikana kama mzigo wa kuni, kwa sababu dawa ya ATRA huanzishwa kwa kushuku tu, kabla kromosomu haijasomwa. Hiyo ATRA ndiyo ningeitaka kwanza, kwenye kabati la Mbeya.