Soma Kwanza Habari ya Simba na Yanga, Jedwali la Tensi Litafuata

Siku hizi huwezi kufungua simu usikutane na mtu anayekuahidi Kiingereza bila sarufi. Mwezi mmoja tu, anakwambia, achana na tensi, achana na vitabu, wewe ongea. Upande wa pili yupo mwalimu wa tuisheni ambaye tangu enzi zetu hajabadilika: ubao umejaa jedwali, nyakati kumi na mbili, safu ya kukubali, safu ya kukanusha, safu ya kuuliza, na darasa zima linanakili kimya kimya. Sikubaliani na yeyote kati yao, ila nikilazimishwa kuchagua nitakaa karibu na mwenye jedwali. Yule wa kwanza anauza maneno matupu. Huyu wa pili anacho kitu cha kweli mkononi, ila amekianzia mwisho.

Sarufi ni majibu. Mtu akipewa jibu kabla hajawa na swali, atalikariri, atafaulu jaribio la Ijumaa, na Jumatatu halipo tena kichwani. Swali lenyewe huzaliwa pale unaposoma kitu unachotaka kukijua, ukakwama. Na kwa kijana wa sekondari au mtu mzima, kitu hicho ni vizuri kiwe cha maisha ya leo ambayo tayari anayafahamu kwa Kiswahili: mpira, bei ya mafuta, simu, mikopo, dawa, nauli. Si hadithi ya bwana mmoja wa Kiingereza aliyepanda gari la farasi kwenda kunywa chai kwa shangazi yake.

Tatizo hili si geni kwetu. Tangu 1967 shule za msingi za serikali Tanzania zimefundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akiingia kidato cha kwanza anageuziwa lugha, baolojia na jiografia zote kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima hali hiyo na kukuta kwamba wanafunzi wengi sana wa sekondari walikuwa wanakaa darasani bila kuelewa kinachofundishwa. Ajabu ni kwamba bado walipendekeza Kiingereza kiendelee kutumika, lakini huo ni ugomvi mwingine na leo siuingii. Ninachotaka ukione ni kilichofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuja mradi wa kuokoa Kiingereza sekondari, fedha zikitoka Uingereza, na sehemu kubwa ya dawa yao ilikuwa vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi, vya kusomwa tu. Hawakuja na jedwali refu kuliko letu.

Kule Fiji jambo hili lilipimwa vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walichukua shule za msingi za vijijini ambako Kiingereza ni lugha ya pili, kama huku. Baadhi ya madarasa yakapewa vitabu vya hadithi vya kuvutia, kama 250 kwa darasa. Mengine yakaendelea na kawaida: mwalimu anatamka sentensi, watoto wanairudia, anabadilisha neno moja, wanairudia tena. Waliopewa vitabu wakasonga mbele kwa kasi kama maradufu katika kusoma, na mwaka wa pili faida ikaonekana mpaka kwenye uandishi na sarufi. Hapo ndipo penye utamu. Watoto walioachwa wasome waliwapita kwenye sarufi wenzao waliokuwa wanafundishwa miundo ya sentensi kila siku.

Sasa tushuke kwenye mambo yenyewe. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na kesho yake magazeti yanajaa habari hiyo. Habari ya namna hiyo kwa Kiingereza itaanza hivi: "Fuel prices have gone up." Sentensi ya pili: "The new prices were announced on Wednesday." Kwenye jedwali la ubaoni, "have gone" na "were announced" zinakaa safu mbili tofauti, na mwanafunzi anaambiwa ya kwanza ni ya tendo lililokamilika hivi karibuni. Hivi karibuni ni lini? Saa moja? Wiki? Mwalimu mwenyewe anababaika. Lakini soma habari ile ile kwa Kiswahili: "Bei ya mafuta imepanda. Bei mpya zilitangazwa Jumatano." Unaona? Mwandishi wetu naye ameanza na "-me-", kisha akahamia kwenye "-li-". Anakupa kwanza hali ilivyo sasa, halafu anakusimulia ilivyotokea. Mchezo huo unaujua tangu unaanza kusikiliza taarifa ya habari redioni ukiwa mtoto. Hukuhitaji mtu akufundishe upya. Ulihitaji mtu akuoneshe kwamba Kiingereza nacho kinaucheza.

Ukishauona mara nyingi, ndipo linakuja swali ambalo gazeti haliwezi kukujibu. Kiswahili kinaruhusu "amefika jana" bila taabu. Kinaruhusu "nimemaliza kidato cha nne mwaka 2019". Ndiyo maana barua za kuomba kazi hapa nchini zimejaa "I have finished Form Four in 2019", na mwenye ofisi anayejua Kiingereza anatabasamu kabla hajafika mstari wa pili. Kiingereza hakikubali "have" ikae na tarehe iliyokwisha kupita: ukitaja lini, unarudi kwenye "I finished". Kanuni hii unaweza kusoma magazeti miaka mitatu usiigundue, kwa sababu kinachokufundisha ni kitu ambacho hakipo. Hutaona "has arrived yesterday" popote, lakini jicho halihesabu visivyoandikwa. Hapa nakichukua kitabu cha sarufi kwa mikono miwili. Ukurasa mmoja, mazoezi kumi, umemaliza. Tofauti ni kwamba sasa unaufungua ukurasa huo ukiwa na kiu nao.

Vijineno "a" na "the" ni hivyo hivyo, tena vibaya zaidi, maana Kiswahili hakina kitu cha kuvishika navyo. Hapo simdanganyi mtu. Utasoma, utafundishwa, utachapia, utasoma tena.

Mpira nao una shule yake. Namjua zaidi ya kijana mmoja ambaye sekondari alipata F ya Kiingereza, lakini habari za Ligi Kuu ya Uingereza anazisoma kwa Kiingereza kila asubuhi na kuzieleza kijiweni bila kukosea. Anawezaje? Ni kwa sababu jana usiku aliiona mechi. Anajua nani alifunga, dakika ya ngapi, nani alitolewa kwa kadi nyekundu. Maana haimpi shida, kwa hiyo akili inabaki na nafasi ya kuangalia maneno yamepangwaje. "Stoppage time" hakulitafuta kwenye kamusi. Bao lilikuwa la dakika za nyongeza, ameliona kwa macho yake, neno limejieleza.

Ila mpira una mtego, na ndiyo sababu simkubali yule wa "achana na sarufi". Vichwa vya habari vina sarufi yao binafsi. "Yanga sign striker" ni jambo la jana lililoandikwa kama la leo. "Simba to face Yanga" ni la kesho, na hakuna "will" hata moja. "A" na "the" zimetupwa ili nafasi itoshe. Tena Waingereza wakiandika mpira huiona timu kama kundi la watu, wanasema "Arsenal have won", wakati mwalimu darasani angekukata alama na kukutaka uandike "has". Asiyejua sarufi ataokota haya yote kama yalivyo na kuyapeleka kwenye barua ya kazi. Anayejua atacheka, aendelee kusoma chini ya kichwa, ambako sentensi zimenyooka.

Kuna neno moja dogo linalonikera kuliko yote, nalo ni "may". Shuleni tulilijua kwa kazi moja tu: "May I go out?", "May I come in?" Neno la adabu, la kuomba ruhusa mlangoni. Kijana huyo huyo leo anapakua programu ya mkopo kwenye simu, linatokea karatasi refu la masharti, na ndani yake kuna sentensi kama "we may contact persons in your phonebook". Kwa Kiingereza cha mlangoni, hapa kampuni inaomba ruhusa kwa upole. Kumbe inajipa ruhusa. Inasema ina haki ya kuwapigia watu walio kwenye simu yako, na ukibonyeza kukubali umeshaitia sahihi. Akichelewa kulipa, mama mkwe anapigiwa simu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa hadharani orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni, ikafanya vizuri, lakini hata zenye leseni zinaandika masharti yake kwa "may", "shall" na "must", na kila moja ina uzito wake. Somo la maneno haya lipo kwenye kila kitabu cha sarufi. Sijawahi kuona mahali linafundishwa kwa kutumia masharti ya mkopo, wakati nusu ya darasa la watu wazima wanayo masharti hayo mfukoni.

Najua pingamizi litakalotolewa: magazeti ni magumu kwa anayeanza. Ni kweli, na kuna hesabu yake. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati kutoka New Zealand, ameonesha kwamba ili usome kwa raha bila msaada unahitaji kuyajua kama maneno 98 kati ya kila 100 yaliyo mbele yako, na kwa gazeti au riwaya ya kawaida hiyo ni sawa na kuzijua familia za maneno (neno pamoja na maumbo yake) 8,000 hadi 9,000. Mhitimu wetu wa darasa la saba hata robo ya hizo hana. Ndiyo maana Sauti ya Amerika ilipoanzisha matangazo yake ya Kiingereza chepesi mwaka 1959 ilijifunga kwa maneno kama 1,500 na kusoma taratibu, na ndiyo maana Wikipedia ina toleo la Kiingereza rahisi. Hivyo ni vituo halali, visidharauliwe.

Lakini gazeti kwetu lina njia ya mkato ambayo wengi wameikalia bila kuiona. Mwananchi na The Citizen yanatoka nyumba moja. HabariLeo na Daily News nayo yanatoka nyumba moja. Tukio likitokea, mara nyingi unalipata kwa lugha zote mbili siku hiyo hiyo, kwa gharama ya bando la simu. Soma la Kiswahili kwanza. Lisome vizuri, ujue nani amefanya nini, wapi, kwa shilingi ngapi. Kisha fungua la Kiingereza. Yale maneno 98 hutayafikia, lakini huyahitaji tena yote, maana habari unayo tayari kichwani. Si tafsiri ya neno kwa neno, na ni afadhali hivyo. Utaona kipi mwandishi wa Kiingereza amekitanguliza, wapi ametumia sentensi ya kutendwa ili asimtaje mtu, wapi ameweka "allegedly", yaani "inadaiwa", kuikwepa mahakama.

Walimu niliozungumza nao wananijibu kwamba mtihani hauulizi habari za mafuta. Kweli, lakini mtihani wa kidato cha nne unauliza ufahamu, unauliza ufupisho, unamtaka mtahiniwa aandike insha, na una maswali ya riwaya na tamthilia ambazo wengi hawajazifungua hata jalada. Wanakariri madesa: jina la mhusika, dhamira nne, mfano mmoja kwa kila dhamira. Mtu anamaliza miaka minne ya Kiingereza na hajawahi kusoma kurasa ishirini mfululizo kwa hiari yake. Halafu tunamvisha kibao shingoni akisema Kiswahili kwenye korido, kana kwamba tatizo ni mdomo wake.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, aanze na habari fupi zenye namba na majina: bei za mazao, matokeo ya mechi, hali ya hewa, ajali, kesi za mahakamani. Za mahakamani hasa, kwa sababu zinafuata mpangilio ule ule kila siku, na baada ya wiki chache utakuwa unajua sentensi inayofuata kabla hujaifikia. Daftari liwe na upande mmoja wa maswali tu, siyo wa misamiati. Kila Jumamosi chukua swali moja ulipeleke kwenye kitabu cha sarufi. Makala za maoni ziache kwanza, hata zikiwa za Kiingereza kizuri. Sisi waandishi wa maoni tunapenda mno kuzungusha maneno.