Montréal: kati ya ukumbi na jirani, nani alimkuta mwenzake?

Septemba 2024, Mahakama ya Rufani ya jimbo la Quebec, Kanada, iliuamuru ukumbi wa La Tulipe, barabara ya Papineau jijini Montréal, uhakikishe muziki wake hausikiki kabisa katika nyumba ya jirani. Ukumbi ukafunga milango. Jengo hilo limekuwa la burudani tangu 1913. Jirani aliyeshtaki alinunua jengo la upande wa pili wa ukuta mwaka 2016, na sehemu yake ikageuzwa makazi kwa kibali ambacho jiji lenyewe lilikuja kukiri kuwa kilitolewa kimakosa.

Wapenzi wa muziki walimshukia jirani huyo kama mwewe. Walimwonea kidogo. Alikuwa na kibali chenye mhuri, na usingizi si anasa: mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa Ulaya kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40. Besi nayo haizuiwi na pamba masikioni. Inapenya ukuta na kutua kifuani. Majaji pia hawakubuni kitu. Sheria ndogo ya Plateau-Mont-Royal, wilaya ya jiji ulipo ukumbi huo, ilikataza sauti ya vipaza sauti inayosikika ndani ya makazi ya mtu mwingine.

Hapo ndipo penye shida, na sijui kwa nini halikuzungumzwa zaidi. Katazo halikuwa na kipimo wala saa. Gitaa linalosikika kwa mbali saa mbili usiku lilihesabiwa sawa na ngoma za saa nane. Ukumbi wowote unaopakana ukuta kwa ukuta na chumba cha kulala ungeshindwa mtihani huo, hata ukipunguza sauti kila mwaka. Kwa maneno mengine, uhai wa ukumbi ulikuwa mikononi mwa yeyote atakayehamia jirani, na kwa mtaa ambao kodi zake zinapanda, wa kuhamia hawakosekani. Divan Orange, ukumbi mwingine wa muziki kwenye boulevard Saint-Laurent, ilisumbuliwa na faini za kelele kabla ya kufungwa 2018, ingawa faini hazikuwa sababu pekee.

Wapo wanaosema Montréal haiwezi kukosa muziki. Si kuna tamasha la jazi tangu 1980? Lakini jukwaa la tamasha humpokea msanii ambaye tayari ana jina. Jina hilo hutafutwa kwenye kumbi ndogo, Jumanne ya Februari, theluji magotini, watu arobaini wamesimama. Bendi ya Arcade Fire, waliochukua tuzo ya Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka mnamo 2011, walikulia kwenye kumbi za namna hiyo. Sisi Waafrika tuna mfano wetu hapo hapo Saint-Laurent: Club Balattou, ya Lamine Touré, mzaliwa wa Guinea. Ilifunguliwa 1985, na miaka miwili baadaye likazaliwa tamasha la Nuits d'Afrique. Klabu ilitangulia, tamasha likafuata.

Jimbo la Victoria, Australia, mwaka 2014, na Uingereza mwaka 2018 walichagua kanuni nyepesi kueleweka: anayekuja nyuma ndiye agharamie kuzuia sauti. Ukijenga nyumba kando ya ukumbi, ukuta mnene ni juu yako. Ukifungua ukumbi kando ya nyumba, ni juu yako vilevile. Kanuni hii ina gharama zake, maana mjenzi atamsukumia mpangaji bei ya ukuta huo. Hata hivyo, mpangaji huyo atakuwa ameujua muziki kabla ya kusaini mkataba.

Plateau yenyewe iliharakisha kurekebisha sheria ndogo vuli ile ile, ikaziondoa kumbi za maonyesho kwenye katazo. Nafuu imepatikana, ila dawa imezidi kipimo. Ukumbi ukinunua spika kubwa maradufu kesho, mzee aliyeishi hapo kabla haujafunguliwa atashika sheria gani? Desibeli na saa zingewekwa kwenye maandishi, yeye na mpiga gitaa wote wangekuwa na pa kusimamia.