Morel niliyempenda kabla ya Taken

Ukimtaja mwongozaji wa filamu Pierre Morel, watu hukujibu kwa filamu moja: Taken ya 2008. Wana haki. Binti yuko bafuni jijini Paris, simu sikioni, na kupitia dirishani anamwona rafiki yake akikamatwa upande wa pili wa nyumba. Baba yake yuko Marekani, hana cha kumsaidia ila sauti. Filamu iliyogharimu dola milioni 25 hivi ikaingiza zaidi ya milioni 220, na Liam Neeson, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, akawa shujaa wa mapigano.

Lakini kwangu mimi, kazi yake bora ni ile ya kwanza aliyoiongoza, Banlieue 13 ya 2004. Morel alianzia nyuma ya kamera, kama mpigapicha. Ndiye aliyepiga picha za The Transporter ya 2002. Anajua kwamba mtu akiruka, mtazamaji anataka kuona anakotoka na anakotua. Mtazame Leïto, shujaa wake, mwanzoni mwa filamu, akiwakimbia wahuni ndani ya ghorofa analoishi: anapenya kidirisha kilicho juu ya mlango, miguu ikitangulia, kisha yuko darini, kisha paa la jirani. Aliyemwigiza ni David Belle, mmoja wa waasisi wa sanaa hiyo ya kukimbia na kuruka kuta. Mwili ni wake, kuanguka ni kwake.

Na hadithi ina uzito. Serikali imewazungushia ukuta maskini wa pembezoni mwa Paris. Mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba 2005, vitongoji hivyohivyo viliwaka moto, kuanzia Clichy-sous-Bois.

Ndiyo maana The Gunman ya 2015 iliniuma. Inaanzia Kongo, waziri wa madini anauawa, halafu hadithi inapanda ndege kwenda Ulaya kushughulikia majuto ya muuaji, Sean Penn. Wakongo wanaachwa nyuma kama mandhari. Aliyewapa vijana wa vitongoji vya Paris sura na hasira yao alishindwaje hapa?

Peppermint ya 2018 naipita. Iliyonirudishia imani ni The Ambush ya 2021, aliyoitengeneza kwa Kiarabu na Waemirati: askari wamenaswa bondeni huko Yemen, ndani ya magari ya deraya, risasi zikishuka kutoka milimani. Hapo nafasi ni finyu, na lile jicho la mpigapicha linafanya kazi tena.