Aisii Haijaungua, Bwana!

Ngamiani hii, hapa Tanga, kila mtu fundi. Amplifaya ikinguruma tu, muuza kahawa hajatua birika kashatoa hukumu: "Aisii imekufa hiyo, badilisha." Kijana mbio dukani, anarudi na aisii mpya, kile kidude cheusi chenye miguu kinachokuza sauti, analehemu, anawasha, nnnnnn! Mngurumo uleule, hela ya samaki imekwenda, na mama jikoni anauliza hiyo kelele italala saa ngapi.

Jamani, kabla ya kununua kitu, sikilizeni kwanza! Mlio wenyewe unajisema. Zungusha kitufe cha sauti mpaka sifuri. Mngurumo ukikata, basi uliingilia mbele: waya unaotoka kwenye simu hauna wavu wa kuzuia kelele, au wavu upo ila haukulehemiwa kwenye hasi. Ukibaki palepale na sauti iko sifuri, achana na waya wa simu, shida iko kwenye umeme unaoingia au kwenye mpangilio wa hasi. Shika na gamba la chuma la hicho kizungusho kwa kidole. Kelele ikipungua ukigusa, gamba halijaunganishwa na hasi, lehemu kijiwaya kimoja hapo mambo yaishe. Jaribio halili hata shilingi, na ndiyo maana mtaani hawalitaki. Na kama simu iko kwenye chaja huku inapiga muziki, ichomoe. Ule mlio mwembamba wa "iiiii" mara nyingi unaondoka na chaja.

Haya, umeme. Mtu ana transfoma ya volti 12, dayodi nne za kuunyoosha umeme, halafu anabandika kapasita, kile kikopo cha kuweka akiba ya umeme, ya maikrofaradi 1000 iliyochomolewa kwenye redio ya marehemu babu, kichwa kimevimba, naye anasema bado nzima. Umeme wa ukutani ni hezi 50, ukishapita dayodi nne unakuja kwa mawimbi 100 kila sekunde, na katikati ya wimbi na wimbi ni kapasita peke yake inayolisha. Aisii ya amplifaya kama TDA2030 ikivuta ampea 1, kwa hesabu ya haraka kapasita ile ya 1000 inaiachia volti icheze kwa karibu 10. Muziki utatoka wapi hapo? Weka 4700, mchezo unashuka mpaka kama volti 2. Nayo iwe imeandikwa volti 25 ubavuni, si 16, kwa sababu 12 ya transfoma ikishanyooshwa inafika 16 au 17, na bila mzigo inaweza kuzidi. Ya volti 16 itakuvimbia, kisha utasema umechezewa.

Lakini hata kapasita si mkosaji mkubwa. Mkosaji mkubwa ni hasi. Watu wanaunganisha hasi popote wanapoona bati linang'aa! Hasi ya spika inapita kwenye kijiwaya kilekile chembamba cha hasi ya simu, mkondo mzito unakisukuma, na kila besi inapopigwa kiingilio kinatikisika nayo. Hapo amplifaya inajisikiliza yenyewe. Zote zirudi mahali pamoja, kwenye mguu wa hasi wa ile kapasita kubwa: waya wa spika njia yake, waya wa kiingilio njia yake, waya wa aisii njia yake. Inachukua waya mwingi kidogo, najua, na waya siku hizi bei. Ila bei yake haifiki ya aisii ya tatu.

Wenye LM386, ile aisii ndogo ya betri, nao wana yao. Wanataka kidude cha betri kitikise kibaraza, kwa hiyo wanaweka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8. Kwa kufanya hivyo wameipa iongeze mara 200. Ikiachwa bila kitu inaongeza mara 20, na hiyo tayari ni nyingi: simu ikitoa nusu volti, mara 20 ni volti 10, nawe una betri ya 9. Volti nyingine inakwenda kukopwa wapi? Vichwa vya mawimbi vinakatwa, mwimbaji anakuwa na mafua. Chomoa hiyo kapasita, ushushe na sauti ya simu. Na usisokote waya wa kushoto na wa kulia wa jeki pamoja kama unavyoona watu wanafanya. Kila mmoja upitie kwenye rezista ya omu 1000 ndipo zikutane.

Ikianza kutoa "putu-putu-putu" mithili ya mashua ya mashine inayotoka bandarini, usiilaumu spika. Betri ndogo ya mraba ina nguvu ya kusema tu, ikivutwa inaanguka. Weka kapasita ya 100 na nyingine ya 0.1 kati ya mguu wa 6 na wa 4, karibu kabisa na aisii, si upande wa pili wa ubao. Au tumia betri 6 za kawaida. Sauti ikiwa ya kukwaruza na aisii inachoma kidole, angalia kama uliweka rezista ya omu 10 na kapasita ya 0.047 zikifuatana kutoka mguu wa 5 kwenda hasi. Wengi wanaziruka wakidhani ni mapambo.

Ukitaka kujua kama aisii kweli imekufa, kamata mita. Mguu wa 5 wa LM386 usomeke nusu ya umeme unaolisha, yaani volti 4.5 kwa betri ya 9. Ikisoma sifuri au 9, haya, muuza kahawa kashinda.

Malalamiko ya besi ndiyo yananichosha. Kapasita ya kwenda spika ni ya 47, spika ya omu 8, hapo chini ya hezi 400 kitu hakipiti sawasawa. Weka 1000, inashuka mpaka 20. Halafu spika yenyewe imelazwa mezani uchi, bila boksi, sauti ya mbele na ya nyuma zinafutana. Na zikiwa mbili, moja ikageuzwa waya, besi inayeyuka. Gusisha betri ya volti 1.5: kikombe kikitoka nje, pale chanya ya betri iligusa ndiyo chanya ya spika.

Kukwaruza unapozungusha sauti ni chumvi ya bahari na vumbi. Spiriti kidogo ndani, zungusha mara nyingi, acha ikauke. Mafuta ya nazi, wallahi, hapana.

Umemaliza yote hayo, imetulia, taarabu inatoka safi mpaka unasikia mpiga fidla anavuta. Jirani anachungulia dirishani, anatikisa kichwa: "Sasa hiyo haiingii flashi?"