Sindano kwenye tezi ya mate ya mtoto: jibu lake linaaminika hadi wapi?

Mtoto akivimba chini ya sikio hapa Nairobi, jina la kwanza linalotajwa ni matubwitubwi, na mara nyingi mtajaji hakosei. Chanjo inayotolewa na serikali tangu 2016 ni ya surua na rubela. Matubwitubwi hayamo, kwa hiyo ugonjwa huo ungali unapita madarasani. Lakini matubwitubwi hunywea ndani ya siku kumi hivi. Uvimbe mgumu wa upande mmoja ambao haujaondoka baada ya mwezi, hauumi, na umeshapewa antibiotiki mara mbili bila dalili ya kupungua, si wa kungojewa tena. Hapo ndipo madaktari hugawanyika. Wapo wanaotaka kwanza zinyonywe seli kwa sindano nyembamba zikasomwe kwa hadubini, na wapo wanaosema mtoto aende moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Hoja ya hawa wa pili ina uzito. Uvimbe wa kweli wa tezi za mate ni nadra kwa watoto. Katika kila 100 wanaoupata, watoto hawafiki 5. Maana yake ni kwamba hata msomaji mzoefu wa slaidi, vile vioo vinavyopakwa seli, huona michache sana ya umri huo. Halafu ukishaondoa uvimbe wa mishipa ya damu, ule mgumu unaobaki una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa saratani kuliko kwa mtu mzima: katika paroti, tezi kubwa ya mate iliyo mbele na chini ya sikio, kwa mtu mzima ni takribani mmoja katika minne au mitano, ilhali kwa watoto ripoti kadhaa zinakaribia nusu. Basi, wanauliza, ikiwa uvimbe utatolewa tu hata sindano ikisema ni salama, sindano imebadilisha nini? Na mtoto wa miaka mitatu hatulii. Akilazimika kupewa ketamini, dawa ya usingizi, ili achomwe, ameshaingia nusu ya safari ya upasuaji.

Ila hoja hiyo inachukulia kwamba kila kinachovimba pale ni uvimbe wa tezi yenyewe. Sivyo. Ndani ya paroti zimo tezi za limfu, na katika mji wenye kifua kikuu kama huu, TB ya tezi hizo hujitokeza kama goli gumu, yaani donge, mbele ya sikio. Mtoto mwenye VVU anaweza kuwa na vifuko vya majimaji kwenye paroti zote mbili, ambavyo hutibiwa kwa ARV. Kuna limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za limfu, ile iliyoelezwa na Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, ambayo mzazi huiona ikikua kati ya Jumatatu na Ijumaa. Wote hawa hawahitaji paroti ikatwe. Wa Burkitt hasa anahitaji dawa upesi, na slaidi nzuri huweza kumtambulisha siku hiyohiyo: seli za buluu za ukubwa wa wastani, zenye vitundu vyeupe kama povu.

Kisu kisicho na sababu nacho kina bei yake. Neva inayoendesha uso hupita katikati ya paroti, na kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili iko juujuu kwa kuwa mfupa wa nyuma ya sikio haujakomaa. Ukipasua tezi yenye TB, kidonda kinaweza kuvuja usaha kwa miezi. Ukikata kipande cha adenoma ya pleomofiki, ambayo si saratani na ndiyo inayoongoza katika aina zisizo za saratani, seli humwagika na uvimbe ukarudi miaka baadaye ukiwa vijigoli vingi badala ya kimoja. Wazazi wengi husema kinyama kikikatwa saratani “huchokozeka”. Hofu hiyo haina msingi kwa sindano nyembamba, kwani seli kusambaa kupitia tundu lake ni jambo la nadra mno. Lakini kwa kukata kipande cha adenoma, wazee hawakuwa mbali sana na ukweli.

Kwa hiyo sindano itangulie. Isipokuwa kwa mtoto mchanga mwenye uvimbe laini, wenye rangi ya bluu kidogo, unaojaa anapolia. Huyo ana hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu, mpaka ithibitike vinginevyo. Ultrasaundi ya kuonyesha mtiririko wa damu inatosha, dawa ni propranololi, na sindano haitatoa ila damu. Ndiyo sababu ultrasaundi hutangulia kwa kila mtoto.

Swali gumu zaidi ni jibu lenyewe linaaminika kiasi gani, na hapo mengi huamuliwa kabla slaidi haijafika maabara. Krimu ya ganzi ipakwe na kufunikwa saa nzima kabla. Dakika ishirini hazitoshi. Sindano ni ya geji 23 au 25 kwenye sirinji ya mililita 10. Mmoja anashika kichwa, mmoja mikono. Ukishaingia ndani ya goli, vuta hewa mililita moja au mbili, peleka sindano mbele na nyuma katika mwelekeo mmoja kwa sekunde kama kumi, kisha achilia mvuto kabla ya kutoka. Asiyeachilia huona seli zote zimerukia ndani ya sirinji, zisikoweza kutolewa. Anayevuta muda mrefu akitumaini kupata zaidi hupata damu, na damu huzamisha seli. Mara mbili au tatu za kuchoma zinatosha, kisha bonyeza kwa dakika tano.

Slaidi zigawanywe. Nusu zitumbukizwe kwenye alkoholi ya asilimia 95 papo hapo, maana sekunde chache za kukauka huharibu umbo la kiini. Nusu ziachwe zikauke kwa ajili ya rangi ya Giemsa, ambayo hung'arisha ute wa adenoma kwa wekundu wa zambarau usiosahaulika. Zile kavu zisikae karibu na chupa ya formalini iliyo wazi. Mvuke wake huvuruga rangi. Kinachobaki ndani ya sindano kisuuzwe kwa maji ya chumvi kipelekwe kwenye mashine ya GeneXpert kutafuta TB. Kwa maji ya chumvi, si formalini! Sampuli ya TB iliyotiwa formalini haiwezi tena kuoteshwa. Majina yaandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka ndani ya alkoholi na kuacha slaidi sita zisizo na mwenyewe.

Na fomu, jamani. “Uvimbe shingoni, tafadhali chunguza” haisaidii. Msomaji anahitaji umri, upande, muda, ultrasaundi ilisema nini, hali ya VVU, na kama ngozi imeshikamana na goli. Hilo la ngozi si dogo. Kuna uvimbe usio na madhara wa mzizi wa nywele, pilomatriksoma, unaopenda sana kukaa mbele ya sikio la mtoto. Seli zake ndogo nyeusi zilizosongamana zimewahi kudhaniwa saratani na wasomaji wasioambiwa kwamba goli liko kwenye ngozi, gumu kama kokoto.

Lakini kosa la kawaida zaidi ni la upande wa pili: sindano kusema hakuna kitu na kumbe kipo. Saratani inayoongoza kwenye tezi za mate za watoto ni kasinoma ya mukoepidamoidi, na ile ya daraja la chini huwa na vifuko vya ute. Sindano inaingia kwenye kifuko, inatoa majimaji mazito yenye seli chache za kusafisha taka, na ripoti inasema “kifuko”. Kasinoma ya asinika nayo huiga seli za kawaida za tezi. Kinachoifichua ni kukosekana kwa vijifereji na mafuta ambavyo tezi nzima huwa navyo. Mfumo wa Milan wa kuandika majibu haya, uliotoka 2018 na kufanyiwa marekebisho 2023, unataka angalau seli 60 za uvimbe wenyewe, na hata hivyo unakadiria kwamba katika kila 100 walioambiwa si uvimbe wa tezi, takribani 11 wana saratani. Makadirio hayo yametokana zaidi na watu wazima. Kwa mtoto, “hakuna seli za saratani zilizoonekana” ni habari ya slaidi, bado si habari ya goli.

Dawa ya hilo ni rahisi kuitaja: majimaji yakitoka, yakamuliwe yote, kisha ultrasaundi itafute sehemu ngumu iliyobaki na sindano irudi hapohapo. Inakuwa bora zaidi msomaji akiwa kando ya kitanda na hadubini, aseme “haitoshi, rudia” mtoto akiwa bado ameshikwa. Slaidi zilizotengenezwa na mtu mmoja Kayole na kubebwa kwa boda hadi maabara ya Upper Hill hazipati nafasi hiyo. Ni afadhali mtoto apande matatu amfuate msomaji.

Wengine wangependa sindano nene ya geji 18 inayotoa kinyama kamili. Kwa limfoma inayotaka kupambanuliwa aina yake wana haki, kwani rangi maalumu za kinga, zinazotambulisha aina ya seli, huhitaji tishu ya kutosha. Kwa paroti ya mtoto mdogo, karibu na neva na chini ya nusukaputi, hiyo ibaki hatua ya pili, baada ya sindano nyembamba kushindwa mara mbili.

Jibu likisema ni saratani, kipimo cha MRI na mazungumzo na wazazi kuhusu neva ya uso hufanyika kabla ya kisu, si baada yake. Likisema hakuna kitu na goli lingali pale, ultrasaundi irudiwe wiki sita baadaye, na likiwa bado gumu litolewe zima hata kama slaidi ni safi. Tarehe ya kurudi iandikwe juu ya ripoti yenyewe, kwa maana mzazi aliyesomewa “salama” na akafunga safari ya kurudi Kitengela hatarudi kwa sababu nyingine yoyote.