Watu 12 kati ya 2,000

Novemba 2006, bomba la maji taka ya mgodi wa shaba wa Nchanga, huko Chingola nchini Zambia, lilipasuka na tindikali ikaingia mtoni. Wakazi wapatao 2,000 waliishtaki kampuni ya Konkola Copper Mines. Mwaka 2011 Mahakama Kuu iliwapa fidia ya karibu dola milioni 2. Rufaa ilipoamuliwa mwaka 2015, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mgodi ulichafua maji, ila ikaamuru walipwe watu 12 tu, wale waliokuwa na ripoti ya daktari.

Majaji hawakukosa hoja. Anayedai ameumia athibitishe, la sivyo kila mwenye kiu ya fedha angepanga foleni. Lakini hiyo 12 hainitoki kichwani. Waliobaki walitumia maji ya mto uleule. Ripoti ya daktari hupatikana kwa mwenye nauli, mwenye ada, na mwenye kujua siku ileile kwamba miaka mingi baadaye jaji ataiuliza. Zahanati zetu za vijijini hupima malaria; nani atampima mkulima shaba mwilini? Vipimo vya maji, tena, hukaa kwenye makabati ya mgodi. Uchafuzi ukishathibitika, haki ingekuwa kampuni ndiyo ieleze nani hakudhurika.

Ndiyo maana siwalaumu wanavijiji 1,826 wa huko huko Chingola waliokwenda kuishtaki Konkola London kwa uchafuzi wa maji, wakiijumuisha Vedanta, kampuni yake mama. Vedanta ilijibu kwamba Zambia ina mahakama zake. Jibu hilo lina uzito, na kwa Mwafrika linauma: nchi huru inaombewa haki kwa mkoloni wa jana. Hata Mahakama ya Juu ya Uingereza, Aprili 2019, ilikiri kwamba mahali pa kawaida pa kesi hiyo ni Zambia. Ikairuhusu iendelee London kwa sababu wadai ni maskini, sheria ya Zambia hairuhusu wakili kukubaliana na mteja alipwe kesi ikishinda tu, na mawakili wenye uwezo wa kubeba kesi kubwa kiasi hicho ni adimu.

Januari 2021 pande mbili zikapatana, kampuni bila kukiri kosa. Wanavijiji wakapata mapatano, na swali la nini hasa kilikuwa ndani ya maji yao halikufika mbele ya jaji.